Maneno Yasemayo Bila Kutamka: Historia Fupi ya Lugha ya Matangazo, Tangu Shanga za Misafara Hata Kuta za Katoro

Wahenga walinena ya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa zama zetu nao wamejitungia msemo wao, usemao kuwa biashara ni matangazo. Semi hizi mbili hazipatani. Ya kwanza yamwonya mnunuzi amshuku kila asifuye mali yake mwenyewe. Ya pili yamhimiza mwuzaji asinyamaze hata siku moja. Atakaye kuuza, basi, amewekwa mahali pagumu: akinyamaza hajulikani, na akijisifu haaminiki. Njia aliyoipata ya kutoka katika dhiki hiyo ni kusema bila kutamka. Huweka neno dogo mbele ya msomaji, kisha humwachia msomaji mwenyewe alikamilishe. Na kwa kuwa binadamu huyaamini zaidi mawazo aliyoyafikia mwenyewe kuliko yale aliyoambiwa, sifa ile huingia moyoni kama kwamba haikutoka kinywani mwa mwuzaji.

Nia ya makala haya ni kufuata njia hiyo katika historia ya nchi zetu, na hasa katika ardhi ya Usukuma na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako mji wa Katoro umekuwa soko kubwa. Tutaona kwamba jambo hili si pambo la lugha tu. Pamekuwa na wakati ambapo maana isiyotamkwa ilihusika na uhai wa watu.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maana yenyewe. Mgeni ashukaye katika basi akiuliza, "Nitapata wapi mahali pa kulala?" naye akajibiwa, "Iko nyumba ya wageni mbele ya stendi," hakuambiwa kwamba nyumba hiyo i wazi, wala kwamba ina nafasi. Hata hivyo ataelewa hayo yote mawili, maana huamini kwamba mwenziwe amemjibu kwa nia ya kumsaidia. Mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice alilieleza jambo hili katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967, na sehemu yake mashuhuri ikachapishwa mwaka 1975. Alionyesha ya kuwa mazungumzo husimama juu ya ushirikiano: msikilizaji hudhani kwamba msemaji asema yaliyo kweli, yanayotosha na yanayohusika, kisha kwa dhana hiyo hujaza mapengo. Waswahili walilijua jambo hilo zamani kwa jina la fumbo, nao walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tofauti ya tangazo na mazungumzo ya kawaida ni moja tu, lakini ni kubwa. Msikilizaji wa tangazo huendelea kudhani kwamba asaidiwa, hali msemaji ana haja yake mwenyewe.

Tukitafuta mwanzo wa lugha hii bara, hatuna budi kuutazama wakati wa misafara. Richard Burton, aliyesafiri toka pwani mpaka Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1857 na 1859, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 aina nyingi za shanga zilizokuwa fedha ya njiani. Miongoni mwake zilikuwamo shanga nyekundu ziitwazo samisami, zilizokuwa na thamani kubwa. Shanga hizo zilikuwa na majina mengine ya sifa. Jina moja lilikuwa na maana ya chenye kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake azipate. Na jingine lilikuwa na maana ya chenye kuvunja mji, kwa sababu ya fitina zilizoingia nyumbani wake walipozitamani.

Na tuyachungue majina hayo. Hakuna hata moja lisemalo kwamba shanga ni nzuri, au ngumu, au haichujuki rangi. Yote mawili yanataja yaliyowapata watu kwa ajili yake. Asikiaye kwamba kitu fulani kimevunja miji hulazimika kujiuliza kitu hicho kina uzuri gani. Na jibu alitoalo kimoyomoyo hupita sifa yoyote ambayo mchuuzi angethubutu kuitamka. Zaidi ya hayo, jina lile lina sura ya onyo. Lakini onyo hilo ndilo lililouza.

Nguo nazo zilikuwa na lugha yake. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na baada ya hapo nguo nyeupe za viwanda vya Marekani zilienea Unguja na bara hata zikaitwa merikani. Jina la nchi likawa jina la nguo, kisha likawa hukumu ya ubora. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, vilipozipunguza nguo hizo, wafanyabiashara wengine walileta nguo za kuiga. Lakini wanunuzi walikuwa wepesi wa kutambua, nao walizijua alama zilizopigwa juu ya jora. Hapa ndipo tunapojifunza ya kuwa jina la mahali laweza kubeba ahadi ambayo hapana mtu aliyeitoa. Mpaka leo mwenye duka aandikaye juu ya mlango wake kwamba mali yake yatoka Dubai au Uturuki hakusema ni bora. Ametaja safari yake tu, na mnunuzi ndiye aliyeongeza ubora.

Usukumani kwenyewe palikuwa na mashindano ya namna nyingine. Baada ya mavuno, vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga na watribu wa karne ya kumi na tisa waitwao Ngika na Gumha, vilishindana uwanjani, na mshindi hakupimwa kwa ufundi peke yake. Alipimwa kwa wingi wa watu waliovutwa upande wake. Kwa hiyo viongozi wa ngoma walitumia vituko, mavazi, nyoka au fisi, nyimbo za kuwabeza wapinzani, na pia dawa ya mvuto. Nataka msomaji aikumbuke dawa hii, maana tutakutana nayo tena. Ndani yake mna wazo la kwamba umati wenyewe ni ushahidi: penye watu wengi pana jambo. Wazo hili ndilo lililomo katika kila tangazo lisemalo kuwa bidhaa fulani ni chaguo la wengi.

Pwani, mwisho wa karne hiyo hiyo, ndipo ilipozaliwa kanga. Na katika historia ya somo letu hapana kitu chenye mafunzo kuipita. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Alama hiyo ilikuwa tangazo: ilimtaja mwenye mali ili mnunuzi ajue asiyeiga. Nyumba hiyo hiyo ya biashara ndiyo isifiwayo kwa kuanza kutia methali na misemo katika kanga mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Basi alama ya mwuzaji na fumbo la mnunuzi zilikaa katika nguo moja. Mwuzaji alisema neno lake mara moja, kwa kuitaja mali. Mnunuzi akasema lake kila alipojitanda.

Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala yake ya mwaka 1997 juu ya majina ya kanga na sauti ya wanawake, ameonyesha jinsi nguo hiyo inavyomwezesha mwanamke kusema pale ambapo adabu yamzuia. Mwenye kujifunga kanga iliyoandikwa "Wema hauozi" hakumtaja mtu. Jirani ajihisiye ndiye ajitajaye. Na akija kuuliza kwa hasira, mwenye kanga aweza kujibu kwa upole kwamba alipenda rangi tu. Uwezo huo wa kukana ndio moyo wa maana isiyotamkwa. Aliyesema hakushikika, na aliyesikia hawezi kusema kwamba hakusikia.

Magazeti yalipokuja, lugha ya matangazo ilipata sauti nyingine. Gazeti la *Mambo Leo* lilianza kutolewa na serikali ya Tanganyika mjini Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, nalo lilisomwa na walimu, makarani na wakubwa wa vijiji. Redio ya Dar es Salaam ilifuata mwaka 1951. Katika miaka hiyo ya kati ya karne, wenye kuuza sabuni, baiskeli, chai na dawa za maumivu ya kichwa walipendelea sana ushuhuda: mtu nadhifu, mwenye kalamu mfukoni, aonekana akitumia kitu fulani na kukisifu. Methali yetu yasema, aisifuye mvua imemnyea. Tangazo la ushuhuda husimama juu ya methali hiyo hiyo. Lakini lina neno la pili lisilotamkwa, nalo ni kwamba kalamu ile na kazi ile vilitokana na sabuni.

Aina hii ya matangazo ilikuwa na uchungu wake. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 juu ya Zimbabwe ya kikoloni, ameeleza jinsi biashara ya sabuni ilivyoambatana na mawazo ya wakoloni juu ya mwili wa Mwafrika. Amwambiaye mtu, "Sasa nawe waweza kuwa safi," amekwisha kumtukana katika neno "sasa". Tusi halikuandikwa. Limekaa chini ya sentensi kama jiwe la msingi, na msomaji akikubali kupanda ngazi amekwisha kulikanyaga. Hii ndiyo njia ya hatari kuliko zote, nami nitaiita njia ya jambo lililokwisha kukubaliwa: sentensi husisitiza jambo moja juu, na kupitisha jingine chini bila kuuliza.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, sauti kubwa ya matangazo Tanzania ilihama kutoka kwa wafanyabiashara ikaenda kwa dola. Yakaja majina ya kampeni za elimu ya watu wazima kwa redio, kama "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975; na mwaka 1972 lilitoka Azimio la Iringa la "Siasa ni Kilimo". Umbo lake ni moja: jina, kisha "ni", kisha jina. Umbo hili halitoi hoja, latoa tafsiri. Asemaye kwamba siasa ni kilimo hakusema kwamba siasa yahitaji kilimo. Amesema kuwa vitu hivyo ni kimoja, na asiyelima afahamu mwenyewe amewekwa upande gani. Wakati wa uhaba wa bidhaa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tangazo la sabuni halikuwa na kazi tena, maana penye foleni mbele ya duka la ushirika hapahitaji kusifiwa kitu. Ndipo methali ya kwanza ikashinda: kizuri, hata kibaya, vilijiuza.

Biashara ilipofunguliwa tena, na redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, wenye mali walizirithi lugha zote mbili, ya kanga na ya dola. Kampuni ya simu ya Vodacom, iliyoanza kazi nchini mwaka 2000, iliwahi kutumia maneno "Kazi ni kwako". Kwa Kiswahili cha kila siku maneno hayo yana maana ya kwamba uamuzi ni wako, wala hapana wa kukusukuma. Kumbe kumwambia mtu hivyo ndiko kumsukuma kwenyewe: njia imekwisha kusafishwa, aliyebaki nyuma ni yeye tu.

Sasa tufike Katoro. Mji huu uko katika Wilaya ya Geita, kando ya barabara kuu itokayo Geita kuelekea magharibi, nao umeungana kwa maduka na Buseresere ya Wilaya ya Chato. Dhahabu ya Geita ilichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930 hata mgodi ukafungwa mwaka 1966. Ukafunguliwa mgodi mkubwa mpya mwaka 2000. Lakini kati ya nyakati hizo, na mpaka leo, wachimbaji wadogo wamefuata mwamba kwa sululu na moko katika sehemu kama Rwamagasa na Nyarugusu, nao huteremka Katoro kununua, kuuza na kutumia. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, na mwezi wa Machi 2019 soko rasmi la dhahabu likafunguliwa mjini Geita.

Mji wa namna hii una msomaji wake. Mwenye duara hulipa wachimbaji, hununua magogo ya kushikiza shimo, huzamisha fedha miezi mingi, wala hajui kama atakuta mwamba au jiwe tupu. Jirani yake, mita chache tu pembeni, huenda akatajirika kwa siku moja. Elimu yake ya kazi haimwelezi kwa nini. Hapo ndipo neno "bahati" linapokuwa bidhaa. Katika miji ya dhahabu, sawa na miji ya uvuvi ya ziwani, msomaji hukutana na matangazo ya namna tatu: ya wauza vitu, ya wakopeshaji, na ya waganga, nayo yote huzungumza na mtu yule yule asiyejua kesho yake.

Wauza vitu hutumia zaidi njia ya jambo lililokwisha kukubaliwa. "Mzigo mpya umeingia" husema chini kwa chini kwamba wa kwanza ulikwisha kwa kugombewa. Wakopeshaji hutumia neno "bila": mkopo bila dhamana, mkopo bila usumbufu. Neno "bila" lataka tulitazame sana, maana lina hila ya pekee. Likikanusha kitu, hulazimisha kitu hicho kifikiriwe. Kusema "bila usumbufu" ni kukiri kwamba wengine husumbua. Na riba isiyotajwa hudhaniwa haipo au ni ndogo, kwa ile ile dhana kwamba aliyetaja mambo mazuri amekwisha kutaja yote yanayohusika.

Waganga ndio hasa wanaotuonyesha uzito wa jambo. Yatupasa tuwatendee haki: waganga wengi wa tiba asilia wanajua majani na mizizi, wanaandikishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na watu huponea kwao. Nisemayo hapa ni juu ya lugha ya baadhi ya vibao tu. Tangazo la "kusafisha nyota" halisemi nyota huchafuliwa na nani. Lakini lisafishwalo lilichafuka, na kilichochafuliwa kina mchafuzi, na mchafuzi huyo, kwa akili ya msomaji mwenye hasara, ni jirani. Tangazo la "mvuto wa wateja" latukumbusha dawa ya wacheza ngoma, ila sasa uwanja ni duka. Na tangazo la "utajiri bila kafara" lina lile neno "bila". Lakusudiwa kumtuliza mtu. Lakini kabla ya kumtuliza limekwisha kumfundisha kwamba uko utajiri wa kafara, kwamba wengine waliupata kwa njia hiyo, na kwamba kinachobaki ni kuchagua mlango.

Kwa nini hayasemwi waziwazi? Sababu moja ni sheria. Sheria ya Uchawi imekuwako tangu mwaka 1928, nayo humwadhibu ajidaiye kuwa na nguvu za uchawi. Kibao cha barabarani hakidai. Chataja nyota, mvuto na jina la mji wa mbali wenye sifa za kale, kisha kinanyamaza. Fumbo la kanga lilimlinda mwanamke asigombane na jirani. Fumbo la kibao lamlinda mwenyewe asishtakiwe.

Ukimya huo umeleta maafa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, nchi ilishtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaliyotokana na imani ya kwamba viungo vyao huleta utajiri wa migodi na wa samaki. Makumi ya watu waliuawa na wengine wakakatwa viungo. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimamisha leseni za waganga wa jadi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, mahakama iliyokaa Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya mauaji hayo, kwa kumwua mtoto wa Bukombe, sehemu ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenziwe walichapisha uchunguzi uliohusisha imani hizo na maisha ya kubahatisha ya wachimbaji wadogo, pamoja na uhusiano wao na waganga.

Sidai kwamba kibao kiliua. Waliouana ni watu, na mnyororo wa sababu ni mrefu: tamaa, woga, uhaba wa elimu ya miamba, na soko la siri. Nidaiyo ni kwamba ukitafuta katika lugha ya wazi ya mji hutaona popote palipoandikwa kwamba mtu auawe. Kilichokuwako ni sentensi zilizoachwa nusu, na watu waliozimaliza. Ndiyo maana mtafiti wa lugha hawezi kujitenga akasema haya ni mambo ya polisi.

Huenda msomaji akauliza: kama fumbo ni urithi wetu, je, tulilaumu? La. Tofauti iko katika nafasi ya wasemaji. Katika kanga, waliofumbiana wanajuana. Aliyefumbiwa aweza kwenda dukani kesho, akanunua kanga yenye jibu, na mji ukaamua nani mshindi. Kinga ya kukana ilikuwa ya mnyonge, asiyeruhusiwa kusema wazi. Katika tangazo, kinga ile ile imehamia kwa mwenye nguvu. Msomaji hamjui aliyeandika, hana ukuta wake wa kujibia, na akidhurika huambiwa kwamba aliongeza mwenyewe yasiyoandikwa. Sanaa haikubadilika, aliyebadilika ni yule inayemlinda.

Tena lugha hiyo hiyo yaweza kuokoa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ilitangazwa redioni kampeni ya "Fataki", juu ya watu wazima wawatongozao wasichana wa shule. Jina lenyewe halikueleza kosa. Lilimchekesha msikilizaji, likamwachia amtambue mhusika mtaani kwake. Likaingia katika Kiswahili cha kila siku, hata msichana akaweza kumfukuza mtu kwa neno moja. Hapo fumbo lilirudi mkononi mwa mnyonge.

Yapo mambo mawili ninayoona yafaa. La kwanza ni la sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji; na upotoshaji hauna budi kupimwa kwa maana aipatayo msomaji wa kawaida, wala si kwa herufi zilizoko ubaoni peke yake. La pili ni la shule. Tunawafundisha wanafunzi wetu methali na mafumbo kama hazina ya wazee, tukawaacha watoke darasani bila kujua kwamba ukuta wa kwanza watakaoukuta una fumbo jipya. Mwanafunzi na azoezwe kuuliza maswali matatu mbele ya tangazo: Limesema nini hasa? Limenifanya nikubali nini kabla halijasema? Na nani atajibu ikiwa yale niliyoyaongeza mimi si kweli?

Kuta za miji ya dhahabu hupakwa rangi upya kila mara, na maneno ya leo hayatasomeka baada ya mvua chache. Majina ya shanga yalituokokea kwa kuwa msafiri mmoja aliyaandika. Ingekuwa vyema wanafunzi wa Kiswahili watokao Geita na Shinyanga wayanakili matangazo ya miji yao, kila moja na tarehe yake na mahali pake, wakawauliza na wasomaji wameelewa nini. Hiyo itakuwa kamusi ya maana zisizotamkwa, nayo haijatungwa bado.